Kabla Hujampelekea Sonara

Hapa soko la Mchikichini nauza mashati ya mitumba, ila chini ya meza yangu kuna mizani ndogo ya betri isiyopima shati hata moja. Inapima fedha. Majirani wakimwona mtu ana sarafu nyeupe, nzito, aliyoachiwa na bibi yake, humleta kwangu kabla hajafika kwa masonara wa Kariakoo. Kila mmoja namwambia: ijue kwanza, ndipo uamue kama iyeyushwe.

Sonara hununua gramu. Hana kosa, ndiyo kazi yake. Lakini sarafu ikishaingia motoni haitoki tena na sura wala mwaka wake, na pesa nyingi za kale za pwani hii zimeishia kwenye mitali na vikuku.

Siku hizi nchi nyingi hutoa sarafu zinazonunuliwa kwa ajili ya madini yake tu. Marekani ina Eagle tangu 1986, Kanada ina Maple Leaf tangu 1988, China ina panda, na ile ya tembo yenye jina la Somalia hutengenezwa Ujerumani. Ya kawaida ni wakia moja, yaani gramu 31.1 za fedha takriban tupu. Dola 1 iliyoandikwa juu ya Eagle ni jina tu. Bei hufuata soko la fedha la dunia siku hiyo, pamoja na gharama ya kuitengeneza na faida ya muuzaji.

Sisi tulilijua jambo hilo zamani. Reale waliyohesabia babu zetu wa pwani na Unguja ni sarafu ya Maria Theresa wa Austria, mwanamke mwenye mtandio kichwani. Alifariki 1780, na mwaka huo juu ya sarafu haujabadilishwa hadi leo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu hawakutaka sura nyingine. Vienna iliendelea kuipiga, na katika karne ya 20 zikafuata Roma, London, Paris na hata Bombay. Roma ilianza 1935, Mussolini alipoivamia Uhabeshi, nchi iliyoiamini reale hiyo kuliko noti. Ina gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.4.

“Mama, hii si ina miaka zaidi ya mia mbili?” aliniuliza kijana mmoja.

“Mwanangu, huenda imepigwa baba yako akiwa shule.”

Ninayoipenda kuliko zote ni rupia ya Kijerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitoa 1890: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yenye tai, upande wa pili simba. Wajerumani hawakuja na uzito wao. Waliikuta rupia ya India imeshika soko la pwani yote, wakaifuata: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo, simba akaondolewa, na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Kuna herufi ndogo ya kutazama: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Kwa rupia hizo wazee wetu walidaiwa kodi ya nyumba kuanzia 1898. Nikiishika iliyosuguka hadi masharubu ya Kaisari yamefifia, nawaza watu waliobeba mizigo njia nzima kuitafuta, kisha ikarudi bomani. Kuiuza kama chuma naona ni kuwasahau.

Shilingi ya Mwingereza ya 1921, yenye simba na milima, huwavunja watu moyo. Fedha yake ni robo tu, haifiki gramu 2, na kuanzia 1948 haina kabisa. Afadhali za Benki Kuu yetu za 1974, zilizotolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye shilingi 50. Ya kifaru ikiwa karibu gramu 32, nusu yake ni fedha. Ikifika gramu 35, ni ile iliyong’arishwa, yenye asilimia 92.5.

Za kughushi zipo tele. Sumaku haivuti fedha, lakini haivuti shaba wala risasi pia, kwa hiyo isikutoshe. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, na uining’inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba utakayoiona. Fedha tupu hutoa karibu 10.5, reale kama 10. Ukipata 8 au 9 kwa hizo, mrudishie mwenyewe. Na usiisugue kwa ndimu wala dawa ya meno. Mkusanyaji hulipa kidogo kwa sarafu iliyokwaruzwa.

Ukifika kwa sonara, zidisha gramu za fedha safi kwa bei ya gramu ya siku hiyo, usikubali bei iliyo chini sana ya hapo. Reale nyingi zitaishia karibu na hesabu hiyo. Rupia ya simba isiyosuguka idai zaidi. Na ikikufikia ile ya rupia 2, ya 1893 au 1894, isifike kabisa kwenye mizani ya sonara: zilipigwa chache, na wakusanyaji wanazitafuta hadi leo.