Nani Ameshika Ufunguo wa Mganda Uliorekodiwa?

Anayerekodi ngoma ya mganda kwa simu huko Matiri, wilayani Mbinga, kwa hakika anahifadhi namba. Kifaa hupima wimbi la sauti maelfu ya mara kila sekunde. Kwa ubora wa CD ni mara 44,100. Dakika moja hufikia takriban megabaiti 10. Ndiyo maana zipo kodeki, yaani mbinu za kubana sauti: nyingi hutupa sauti ambazo sikio halizinasi, zikabana faili hadi megabaiti moja hivi. Asiyejua kanuni za kulifungua faili hilo amebaki na rundo la namba, hata kama ngoma ni ya babu yake.

Hapo ndipo penye ubishi. Fomati nyingine kanuni zake ni siri ya kampuni. RealAudio, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa hivyo: ili uisikilize ulihitaji programu ya kampuni ileile. MP3 ni tofauti. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993 kuwa kiwango cha kimataifa, ila zililindwa kwa hataza, na waliounda programu zake walidaiwa ada ya leseni. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifunga mpango wake wa leseni Aprili 2017.

Wanaotetea ufungaji husema utafiti una gharama. Ni kweli, kazi iliyozaa MP3 ilianza miaka ya 1980, na waliohangaika nayo walistahili malipo. Lakini hataza hudumu kwa kawaida miaka 20, kisha huisha. Siri haina tarehe ya kuisha, na kampuni ikifa inaweza kuzikwa nayo. Kwa hiyo mimi sipingi ada ya muda. Napinga siri.

Historia inatupa mfano mzuri. Philips ya Uholanzi ilileta kaseti mwaka 1963, na baadaye iliwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bila kulipa ada. Kaseti iliyonunuliwa Songea ikapigwa kwenye redio ya National au Sony, bila kujali ilitoka kiwanda gani.

Uwazi pia haujafifisha ubunifu. Opus, kodeki iliyochapishwa mwaka 2012 ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Shangazi wa Matiri anayemsalimu mwanawe aliyeko Dar es Salaam anaitumia kila siku.

Rekodi zinazogharimiwa kwa fedha za umma zisipokelewe katika fomati za siri. Nanyi maafisa utamaduni, walimu na vijana mnaorekodi ngoma zetu, hifadhini nakala ya kwanza kwa FLAC au WAV, fomati zisizotupa sauti, kisha toeni nakala ndogo za MP3 za kugawa. Fanyeni hivyo tangu siku ya kurekodi, kwa sababu kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudi kwa kubadilisha fomati.