Hasira za wodini humwangukia afisa ustawi wa jamii

Uganda ilifuta ada katika wodi za kawaida za hospitali za umma mwaka 2001. Hata hivyo, dawa zinapoisha Arua au Koboko, jamaa wa mgonjwa huagizwa kununua nje, na hasira zao haziwafikii waliopanga bajeti. Humwangukia afisa ustawi wa jamii aliyetumwa kuwaeleza. Hutukanwa, pengine husukumwa, kisha aketi kumsikiliza mkimbizi wa Sudan Kusini aliyefiwa na wanawe. Usingizi humtoroka, huruma, ndiyo nyenzo yake ya kazi, hufa ganzi.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2023, unatambua madhara ya kisaikolojia kama sehemu ya ukatili kazini. Lakini anayetukanwa bila kujeruhiwa mara nyingi hurudi nyumbani tukio lake likiwa halijaandikwa popote.