Ukungu, Mfongo na Mbu

Taja mabadiliko ya tabianchi Machame, mteremkoni mwa Kilimanjaro, na mgeni atatazama juu kileleni Kibo. Ana sababu: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Ila mama anayeteka maji ya mfongo, mfereji wetu wa jadi, hana deni kubwa kwa barafu hiyo. Mito ya Kikafu na Weruweru hulishwa zaidi na msitu, ambako mvua ni nyingi na ukungu hunaswa na majani, ukadondoka ardhini. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto unaoteketeza misitu ya erika kule juu unatupotezea maji mengi kuliko barafu inayoyeyuka. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 tuliipiga picha kwa simu. Sikusikia mtu akiitaja kuwa habari ya zahanati.

Lakini ni habari ya zahanati. Msitu ukiungua mfongo hupungua; ukipungua, zamu za maji hurefuka, na wa chini hupokea maji yaliyokwisha kupita kando ya mazizi na mashine za kumenya kahawa za wa juu. Maji yakiwa haba, uchafu uleule huzidi ukali, na mtoto anayekunywa bila kuchemsha huharisha. Kuchemsha nako kunataka kuni, na moshi wake humwishia mama kifuani. Mwenye bomba ana nafuu.

Malaria ina mkondo mwingine. Wazee walishuka tambarare kulima, jioni wakapanda kulala vihambani, mashamba ya ukoo huku mlimani, wakiihofia homa ya huko chini. Sasa vihamba vimegawanywa kwa warithi hadi vimekwisha, na vijana wanajenga tambarare, kuelekea Bomang'ombe na Rundugai. Ni kweli joto hukomaza vimelea upesi ndani ya mbu; lakini kabla mbu hajapanda, sisi tumeshamfuata. Na wingi wa mbu si kila kitu. Katika mradi wa mpunga wa Lower Moshi, Jasper Ijumba na wenzake walikuta kwenye mpunga kuna mbu wengi kuliko nyikani, lakini malaria kidogo. Yaelekea fedha ya mpunga ilinunua vyandarua na matibabu, na mbu wa huko hunyonya damu ya ng'ombe pia.

Barafu hakuna bajeti itakayoirudisha. Halmashauri ya wilaya yetu ya Hai inapopanga fedha za afya, itenge fungu la kuzima moto wa msituni na jingine la vyandarua kwa waliohamia tambarare.