Tetesi za Injini na Somo la General Tyre

Kila msimu wa mbio za Formula 1, ambazo wengine huziita langalanga, huja na tetesi zake, na zinazovuma kuliko zote ni tetesi za injini: timu fulani inaachana na mtengenezaji wake, kampuni fulani kubwa ya magari inarudi uwanjani. Mashabiki wa Arusha, jiji ambalo riziki ya watu wengi hutegemea injini za magari ya utalii, huzifuatilia kama wenzao wa kwingineko, na kama wenzao huzipima kwa ukubwa wa majina yanayotajwa. Kipimo hicho hupotosha. Habari ya ubia wa injini yafaa ipimwe kwa swali moja: nani atashika ujuzi na maamuzi, na siku mbia akiondoka, mwenyeji atabaki na nini?

Chukua habari ya Porsche na Red Bull. Katikati ya mwaka 2022 karibu kila mtu aliamini mkataba umeiva, na ushahidi ulitoka barani kwetu. Baraza la Ushindani la Morocco, ambalo hupokea taarifa za kampuni zinazotaka kuungana, lilichapisha tangazo lililoonyesha kwamba Porsche ilikusudia kununua nusu ya hisa za kampuni ya teknolojia ya Red Bull. Tetesi ikawa imepata karatasi ya serikali. Hata hivyo, Septemba mwaka huohuo Porsche ilitangaza kuwa mazungumzo yamekwisha. Ilieleza kwamba ilitaka ubia wa usawa, utakaohusu injini na timu pia, na jambo hilo halikuwezekana. Februari 2023 Red Bull ikatangaza kwamba itashirikiana na Ford kuanzia msimu wa 2026. Ford ilikuja na utaalamu, hasa wa betri na mota za umeme, na jina lake likakubaliwa kwenye injini, lakini haikununua timu. Majina yote mawili ni makubwa. Kilichoyatofautisha ni nani angeshika usukani.

Msimamo huo wa Red Bull ulikuwa na sababu. Oktoba 2020 Honda, iliyokuwa ikiipa injini, ilitangaza kwamba ingejitoa mwishoni mwa 2021. Timu inayowania ubingwa ikajikuta inakaribia kubaki bila injini, na hapo ndipo ilipoanzisha kampuni yake ya kutengeneza injini huko Milton Keynes, Uingereza. Katika mchezo huu injini haibadilishwi kama tairi. Gari zima husanifiwa kuizunguka: tangi la mafuta, vipoza joto, giaboksi, hata umbo la bodi nyuma ya dereva. Kanuni za mwaka 2026 zimezidisha uzito huo, kwa kuwa karibu nusu ya nguvu ya gari sasa inatakiwa kutoka kwenye umeme. Aliyewahi kuachwa na mbia hawezi kumkabidhi mbia mwingine funguo za nyumba kirahisi, hata kama mgeni huyo ni Porsche.

Arusha haihitaji kwenda Ulaya kulielewa jambo hili. Chini ya Mlima Meru kulijengwa kiwanda cha General Tyre, kilichoanza kutengeneza matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ubia kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya General Tire ya Akron, Marekani. Mwaka 1987 kampuni hiyo ya Marekani ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, na mbia wa Arusha akabadilika kwa uamuzi uliofanyika mbali kabisa na Arusha. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa, Continental asilimia 26. Kwa hesabu ya hisa, Tanzania ndiyo iliyokuwa mwenye kiwanda. Kwa hesabu ya utaalamu, mizani ililalia upande wa pili. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009. Hisa za Continental zilirudi serikalini baadaye, na kiwanda kikawa mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Taifa. Tangu hapo habari za kukifufua zimekuwa zikisikika kila baada ya muda: mwekezaji anatafutwa, mbia yuko njiani.

Wapo watakaosema General Tyre haikuuawa na ukosefu wa ujuzi, bali na uhaba wa mtaji, mitambo iliyochakaa na matairi ya bei nafuu kutoka nje. Ni kweli, na atakayeficha sababu hizo atakuwa anadanganya. Lakini swali letu linahusu kilichofuata. Shirika la Maendeleo la Taifa lina mashamba ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro. Malighafi ipo, majengo yapo, na soko la matairi halijawahi kupungua. Pamoja na hayo yote, kila mpango wa ufufuaji huanza kwa kumtafuta mwenye teknolojia. Hilo linaonyesha wazi ni kitu gani ambacho ubia wa awali haukukiacha nyuma.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya Formula 1 yenyewe. McLaren hununua injini kutoka Mercedes, na bado ilitwaa ubingwa wa timu mwaka 2024 na 2025, ikiiacha hata timu ya Mercedes yenyewe nyuma. Renault nayo, yenye historia ndefu ya kutengeneza injini, iliamua kufunga mradi wake wa Viry-Châtillon mwishoni mwa 2025, na timu yake ya Alpine ikageukia injini za Mercedes. Basi kuna ubaya gani kununua? Hakuna, ilimradi mnunuzi anajua anachokifanya kwa kile alichonunua. McLaren hainunui usanifu wa gari lake. Huo uko mikononi mwa wahandisi wake.

Mafundi wa Arusha ni ushahidi wa hoja hiyo. Gereji za jiji hili huchukua Toyota Land Cruiser, zikairefusha chesisi, zikajenga bodi na paa la kuinua ili mgeni asimame kutazama tembo, na kuimarisha springi kwa ajili ya barabara za Serengeti. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na pampu ya mafuta isiyoendeshwa kwa kompyuta, hutoka Japani, lakini fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuirudisha ilivyokuwa. Huo ni ununuzi wenye ujuzi. Sasa Toyota imeleta injini mpya ya lita 2.8 inayosimamiwa na kompyuta katika magari ya aina hiyohiyo. Gereji ambayo mafundi wake hawatajifunza kuisoma injini hiyo itabaki kumtegemea mwenye kifaa cha kuipima, na bei ataipanga yeye.

Desemba 2024 Rwanda ilitangaza nia ya kuandaa mbio za Formula 1, hivyo tetesi za mchezo huu zitazidi kutusogelea, na za viwanda vyetu hazitakoma. Atakayeleta habari ya mbia mpya, awe wa timu ya Ulaya au wa kiwanda cha matairi cha Arusha, aulizwe kwanza mkataba unasemaje kuhusu mafunzo, michoro na haki ya kuendelea peke yetu mbia akiondoka. Wabunge waulize hivyo bungeni, waandishi waulize kwenye mikutano yao, na wananchi wasishangilie mpaka jibu lipatikane.