Wazee Wanahitaji Wasikilizaji

Utu uzima dawa, walinena wahenga. Lakini ni nani anayeitumia dawa hiyo siku hizi? Mzee akishindwa kushika jembe, tunamwekea kiti chini ya mwembe, tunamletea uji, kisha kila mtu anakwenda zake. Twadhani tumemheshimu, kumbe tumemwachisha kazi ya kuishi.

Mambo hayakuwa hivyo zamani katika nchi ya Waluo, kuanzia Homa Bay hadi Migori na vijiji vya Ogwedhi. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim. Usiku wasichana walilala kwake, pamoja na wavulana wadogo. Aliwasimulia ngano, akawategea vitendawili, akawafunza methali, nasaba na adabu. Mara nyingi pim alikuwa mtu wa ukoo mwingine, hivyo aliwafungulia watoto ulimwengu uliokuwa ng'ambo ya boma lao.

Pim hakuhurumiwa, alihitajiwa. Kila jioni kundi la watoto lilimngoja, nao watoto ni wasikilizaji wakali: wakichoshwa, husinzia. Ilimbidi abuni, ageuze, aongeze wimbo hapa na mzaha pale. Ubunifu wake haukuchakaa kwa sababu haukupewa likizo.

Kengele ya shule ilipolia, siwindhe ikafungwa. Silaumu shule, kwani imetufaa sana. Kosa letu ni kufunga mlango huo bila ya kufungua mwingine.

Wapo wadaio kwamba akili ya mzee haipokei jipya. Wamkumbuke Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Wamkumbuke pia Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025. Alipotimiza miaka 80, mwaka wa 2018, alichapisha utenzi wa Kenda Mũiyũru kwa Kikuyu. Maruge alipata darasa lililompokea. Ngũgĩ alikuwa na wasomaji waliomngoja. Bibi wa Ogwedhi anaye nani?

Tangu mwaka wa 2018, mpango wa Inua Jamii umewalenga wazee waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni haki yao, nazo hununua unga na sukari. Hata hivyo, hazimpi mtu sababu ya kuamka na neno jipya kinywani.

Sababu hiyo yaweza kutolewa na mwalimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka shule ishirikiane na jamii. Basi, mwalimu wa Ogwedhi, mwalike bibi mmoja darasani kila juma. Wanafunzi wayaandike masimulizi yake kwa Kijaluo, kisha wayafasiri kwa Kiswahili. Nawe mwanafunzi, urudipo nyumbani likizoni, chukua daftari ukakae karibu na nyanya yako.

Lakini msiishie kumwuliza ya kale tu, kana kwamba yeye ni ghala la vitu vikuukuu. Mwambieni atunge ngano mpya, ya bodaboda au ya simu ya mkononi. Kisha kesho yake mrudi, mkadai nyingine.