Chemirocha: Utohozi wa Jina na wa Muziki

Katika mtaa wa Fedha jijini Nairobi, kama kwingineko nchini Kenya, nyimbo za kantri za Kimarekani zina wapenzi wengi. Aghalabu wapenzi hao hukaripiwa kwa methali isemayo "mwacha mila ni mtumwa". Hata hivyo, kisa cha Chemirocha chadhihirisha kwamba kukopa si lazima kuwe kuacha.

Kantri yenyewe ni muziki chotara. Katika karne ya 18, wahamiaji wenye asili ya Skotilandi na Ayalandi walifika katika milima ya Appalachia wakiwa na fidla na nyimbo za masimulizi. Nao Waafrika waliotiwa utumwani walileta Marekani ujuzi uliozaa banjo, ala yenye chimbuko lake Afrika Magharibi. Mikondo hiyo ilichangamana. Mnamo Agosti 1927, mjini Bristol, katika milima hiyo, Jimmie Rodgers alirekodi nyimbo zake za kwanza. Alifariki mwaka wa 1933, lakini santuri zake zilikuwa zimeanza safari iliyozifikisha kwa Wakipsigis wa Kenya.

Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Jina hilo si jingine ila Jimmie Rodgers lililotoholewa. Kwa kuwa Kikipsigis hakitofautishi vipasuo ghuna na visivyo ghuna kifonimu, [j] ya Kiingereza ilipokewa kama [ch]. Aidha, silabi ya kwanza ikalandana na Che-, mwanzo wa majina kama Chebet na Chelagat. Ndivyo Kiswahili kilivyolitenda neno la Kiarabu "kitabu": silabi "ki" ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata "vitabu".

Muziki nao ulitoholewa vivyo hivyo. Katika rekodi mashuhuri zaidi kati ya hizo tatu, gitaa halisikiki. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wanaimba kwa lahani yao, wakiandamana na chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo. Tracey alieleza kwamba mwimbaji huyo wa santuri alikuwa amegeuzwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Mgeni aliingizwa katika fasihi simulizi ya wenyeji, akavishwa umbo jipya.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi Tracey, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Nakala zilirejeshwa kwa Wakipsigis mwaka wa 2014, miaka 64 baada ya nyimbo kuimbwa. Katika muda huo wote, wasikilizaji wa ng'ambo waliweza kuzipata kwa urahisi kuliko wajukuu wa waimbaji.

Kwa hiyo, aliyekopa wimbo wa Rodgers hakupoteza mila. Mila ilihatarishwa na kukosekana kwa nakala nyumbani. Watetezi wa utamaduni hawana budi kuuliza zimehifadhiwa wapi sauti za wazee wao, kabla ya kumlaumu kijana wa Fedha kwa wimbo anaousikiliza.