Je, Wajua? Manowari Petard na Wapiga Mizinga wa Kilindini

Je, wajua kwamba maji ya Mto Athi yanayoporomoka pale Fourteen Falls, jirani na Gatuanyaga, huingia Bahari Hindi karibu na Malindi yakiitwa Sabaki? Bahari hiyo hiyo ndiyo kaburi la mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Februari 1944, msafara wa meli tano uling'oa nanga Kilindini kuelekea Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511, wakiwemo wauguzi na wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Hata dakika tatu hazikutimia, meli ikawa imezama. Walikufa watu 1,297.

Miongoni mwa wasindikizaji zilikuwemo manowari Petard na Paladin za Uingereza. Paladin ikaokota manusura. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na Petard ikalazimika kudondosha mabomu majini watu wakiwa bado wanaelea. Ni uamuzi mzito mno, wala simlaumu nahodha: adui angeachwa, angerudi kuwinda meli nyingine. I-27 ilipoibuka, Paladin iliikabili kwa karibu ikachanika ubavu. Mizinga haikufua dafu. Topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza.

Petard hiyo ilikuwa na historia. Oktoba 1942, nje ya pwani ya Misri, mabaharia wake Tony Fasson na Colin Grazier waliingia ndani ya U-559, nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikizama. Walimpokeza vitabu vya siri kijana wa kantini, Tommy Brown, mwenye miaka 16. Tommy alipona, wao walizama nayo. Vitabu hivyo viliwawezesha Waingereza kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Kijerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma.

Fasson na Grazier walitunukiwa Msalaba wa George, na wanastahili. Wapiga mizinga wetu hawatajwi hata nusu ya hivyo, na hilo si haki. Majina ya baadhi yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Ukitoka Thika kwenda Nairobi, tenga saa moja upite pale uyasome.